Maua ya Pwani, Majina Yake na Watunzaji Wake



Mtu akipita katika vijiji vya Kibiti mwezi wa Desemba, hana budi kuuona mti mmoja unaowaka kama moto usio na moshi. Upo mbele ya shule, upo kando ya makanisa, na chini ya kivuli chake wazee huketi wakacheza bao. Sisi twauita mkrismasi, kwa kuwa huchanua katika siku za sikukuu ya kuzaliwa Bwana. Watoto huokota maua yake ya kupambia, na maganda yake marefu yakikauka huyatikisa kama kayamba. Tukiwauliza mti huu umetoka wapi, hujibu, "Ni wa hapa hapa." Wala hatuwalaumu, maana hata wakubwa wengi hujibu vivyo hivyo. Lakini mkrismasi si wa hapa. Ni mgeni aliyepokewa vema hata ikasahauliwa ya kuwa ni mgeni.

Katika makala hii twataka kueleza habari za mimea michache ya bustani, iliyotoka ng'ambo ikaja kwetu na iliyotoka kwetu ikaenda ng'ambo, pamoja na watu walioshughulika nayo. Na katika kueleza tutaona jambo moja. Kila mmea una watu wa namna mbili nyuma yake: wako walioandika jina lake, na wako walioutunza. Wale wa kwanza hukumbukwa vitabuni. Hawa wa pili husahauliwa, ingawa pengine wao ndio walioufanya mmea uishi.

Tuanze na huo mkrismasi. Kwao ni kisiwa cha Madagaska. Mtaalamu wa mimea aliyeuandika kwanza aliitwa Wenceslas Bojer, mtu aliyezaliwa Bohemia katika Ulaya mwaka 1795, akafanya kazi miaka mingi katika kisiwa cha Morisi, akafa huko mwaka 1856. Bwana huyu alifika hata pwani yetu: mwaka 1824 alitembelea Unguja, Pemba na Mombasa akikusanya mimea. Huko Madagaska aliuona mti wenye maua mekundu ya ajabu, na habari zake zikachapishwa Uingereza mwaka 1829. Kutoka bustani za Morisi mbegu zikasafiri katika nchi zote za joto, mpaka leo hakuna mji wa pwani usio na mti huu. Lakini huko kwao Madagaska, ule wa mwituni umepunguka sana, kwa sababu misitu imekatwa. Kwa hiyo mti unaojaa katika viwanja vya mataifa mengine umekuwa haba katika nyumba ya mama yake. Wasomaji na waliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa, majina haya ya kitaalamu hutolewaje? Twasoma katika Kitabu cha Mwanzo ya kuwa Adamu aliwapa wanyama majina. Habari ya kuipa mimea majina yake haikuandikwa pale. Ilibaki kazi ya watoto wake, na kila taifa liliifanya kwa lugha yake. Ikawa mmea mmoja una majina mia, na jina moja lina mimea kumi. Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alichapisha kitabu kikubwa ambamo kila mmea ulipewa jina la maneno mawili ya Kilatini: neno la kwanza ni la ukoo, la pili ni la mmea wenyewe. Desturi hiyo ikakubaliwa na wataalamu wote. Tena ina sheria zake. Mtu akiona mmea mpya, sharti achukue tawi lenye majani na maua, alikaushe kwa kulibana katika karatasi, aliweke mahali panapohifadhiwa, kisha aandike sifa zake na kuzichapisha. Aliyechapisha kwanza, jina lake ndilo linaloshika. Aliyeuona kwanza hapewi kitu. Hata kama babu zake waliutumia mmea ule miaka elfu, sheria haimtazami, yatazama karatasi.

Haya si kusema ya kuwa watu wetu hawakuwa na elimu ya mimea. Mtu na aende katika delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya nchi yetu, amuulize kijana mvuvi. Mgeni ataona mti mmoja tu uliosimama matopeni. Kijana atamtajia mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi na kikandaa. Atamwambia upi wa boriti za nyumba, upi gome lake latoa rangi, na upi wafaa kwa mataruma ya jahazi. Tena majina yale hayakutolewa ovyo. Tuchukue mkomafi. Mwaka 1784 mtaalamu mmoja, Johann Gerhard König, aliuita Xylocarpus granatum, maana yake tunda la ubao lililo kama komamanga. Naam, tunda la mkomafi lafanana na komamanga kubwa. Mvuvi wa delta na bwana wa Ulaya walitazama tunda lile lile kwa macho mazuri sawasawa. Tofauti yao ni moja tu: mmoja aliandika, mwingine hakuandika.

Baada ya hayo natuangalie ua moja lililotoka katika nchi zetu likaenda kukaa katika bustani za dunia nzima. Ni ua dogo lipendalo kivuli na unyevu, lenye petali tano zilizotandazwa kama uso wa sahani, na nyuma yake mkia mwembamba uliopinda. Vikonyo vyake vimejaa maji kama mwili wa konokono. Tunda lake likiiva, ukiligusa tu hupasuka na kurusha mbegu mbali. Kwa hiyo wataalamu wameuita ukoo wake Impatiens, yaani asiyevumilia. Kwa asili hupatikana Afrika ya Mashariki, kutoka Kenya mpaka Msumbiji, penye misitu na kingo za vijito. Wengine wetu twalipanda katika makopo barazani, wala hatujui ya kuwa ua hili limepata kuwa na majina mawili makubwa.

Jina la kwanza lilitolewa mwaka 1868 na Joseph Hooker, aliyekuwa mkuu wa bustani ya Kew karibu na London. Aliliita Impatiens walleriana, kwa kumheshimu Horace Waller. Bwana Waller alikuja Afrika mwaka 1861 pamoja na Askofu Mackenzie, katika safari ya kwanza ya misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokaa Magomero katika nchi ambayo leo ni Malawi. Humo katika mabonde ya mto Shire alijuana na Daktari Livingstone, na daktari mwenzake John Kirk, ambaye alikuwa mtaalamu wa mimea wa safari ile.

Jina la pili lilitolewa mwaka 1882 na Hooker yule yule. Siku zile Kirk alikuwa balozi wa Uingereza Unguja. Ndiye aliyeshughulikia mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Alipenda sana mimea, akawa na bustani yake ya majaribio huko Mbweni, na mara kwa mara alipeleka mbegu na miche Kew. Katika alivyopeleka lilikuwamo ua hili zuri la kivulini. Hooker alilidhani ni jipya, akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja, aliyekuwa Barghash bin Said. Watu wa Ulaya wakalipenda mno. Hata baadaye wataalamu walipolinganisha makaratasi yao, waliona ya kuwa ua la Waller na ua la Sultani ni ua moja. Sheria ikasema jina la zamani ndilo lishike. Hivyo katika vitabu mfanya kazi wa misheni alimshinda mfalme. Lakini katika bustani watu waliendelea miaka mingi kuliita kwa jina la Sultani.

Lakini je, Waller mwenyewe alisimama juu ya mabega ya nani? Wasomaji wengi wanazijua habari za Chuma na Susi. Chuma alikuwa mtoto aliyeokolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akakaa na wamisheni Magomero. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake pamoja na vitabu vyake vyote, wakatembea miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kisha wawili hao wakaenda Uingereza, na huko ndiko walikokaa na Waller na kumsaidia kuyatengeneza maandiko ya mwisho ya Livingstone yapate kuchapishwa mwaka ule ule. Hao ndio waliomweleza njia, vijito, vijiji na miti. Bila wao kitabu kisingalieleweka. Lakini ua lina jina la Waller. Hatusemi neno hili kwa kumwonea Waller kijicho, maana alikuwa adui wa biashara ya watumwa mpaka kufa kwake mwaka 1896. Twasema ili ijulikane ya kuwa elimu haitoki kwa mtu mmoja.

Habari ya pili yahusu ua la Usambara, ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika. Ni mmea mfupi, wenye majani yenye manyoya laini kama sikio la paka, na maua ya rangi ya zambarau. Huota penye miamba yenye kivuli na unyevu, karibu na Tanga, katika milima ya Usambara na mahali pengine pa Tanzania na Kenya. Kirk alipata kuuona, akapeleka tawi Kew mwaka 1884. Mwaka 1887 akapeleka mwingine, naye ni Padre William Edward Taylor wa misheni ya C.M.S., yule mwanachuoni wa Kiswahili aliyekusanya methali zetu na kuzichapisha. Lakini matawi yale hayakutosha kufanyiwa kazi, yakalala makabatini.

Ndipo akaja Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani. Yeye naye alijua Kiswahili, hata aliandika kitabu cha kufundishia lugha hii mwaka 1890. Mnamo mwaka 1892 aliupata mmea huu akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Baba yake akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland akaziotesha, zikachanua, na mwaka 1893 akachapisha jina: Saintpaulia ionantha. Hivi ndivyo Baron alivyopewa ua ambalo Kirk na Taylor walilishika kabla yake. Wahenga walisema, kuanza si kazi, kazi ni kumaliza.

Lakini Wendland alipokwisha kuandika, kazi ya watunzaji ndiyo kwanza ilianza. Nyumba ya mbegu ya Ernst Benary katika mji wa Erfurt ilizichukua mbegu na kuzieneza. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles katika Marekani, walioitwa Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi sana, wakachagua kumi tu iliyo mizuri. Kutoka hiyo kumi yametoka maua mengi ya madirishani ya leo. Ua likapendwa hata mwaka 1946 wakaanzisha chama cha wapenzi wake huko Marekani. Mtunzaji huweza kulizidisha kwa jani moja tu: hulichomeka katika udongo mwepesi wenye unyevu, nalo hutoa mizizi na watoto. Bibi mmoja humpa jirani jani, jirani naye humpa mwingine. Kwa njia hiyo ua la miamba ya Tanga limefika katika nyumba zenye theluji nje ya dirisha.

Na jina lile la Baron je? Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza asili ya mimea hii kwa njia mpya waliona ya kuwa ukoo wake hauwezi kutengwa na ukoo mwingine uitwao Streptocarpus, wakauunganisha nao. Basi katika vitabu jina la Saintpaulia halihesabiwi tena kuwa la ukoo kamili. Wenye bustani bado hulitumia, lakini twajifunza ya kuwa hata jina lililoandikwa kwa wino huweza kubadilika. Mmea wenyewe ndio unaobaki, ikiwa kuna autunzaye.

Twarudi katika ua la Sultani tuone ajali iliyolipata. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mmarekani mmoja aitwaye Claude Hope alipelekwa Kosta Rika kushughulikia miti ya kwinini, dawa ya malaria, kwa ajili ya askari. Baada ya vita akabaki huko akawa mkulima wa mbegu za maua. Ua letu katika siku zile lilikuwa refu na lenye kulegea. Hope akachagua na kuchavusha, mwaka baada ya mwaka, mpaka katika miaka ya 1960 akatoa maua mafupi, yenye matawi mengi na rangi nyingi. Yakawa miongoni mwa maua yanayouzwa kupita yote ya kupandwa kivulini katika Marekani na Ulaya.

Lakini maua yale yote yalikuwa ya aina moja, na walio wa aina moja huugua ugonjwa mmoja. Katika miaka ya 2000 ukungu mweupe ulionekana chini ya majani katika bustani za Uingereza, na kufikia mwaka 2012 ulikuwa umeenea sehemu nyingi za Marekani. Majani hupukutika, vikonyo hubaki vitupu, mmea hufa. Wauza mbegu wengi waliacha kuliuza. Wachaguaji wa mbegu wakafanya kazi miaka kadhaa wakitafuta mimea inayoweza kuvumilia. Mnamo mwaka 2019 na 2020 wakatoa mipya, na moja katika hiyo imeitwa Imara. Ndiyo, wasomaji, neno letu wenyewe, limeandikwa juu ya pakiti za mbegu huko Ulaya na Marekani! Ua lilipata jina la mfanya kazi wa misheni, likapata jina la mfalme, na baada ya miaka mia na hamsini likapata jina la Kiswahili.

Pengine mtu atasema, "Maua ni mchezo wa matajiri, sisi twataka chakula." Vema, natumweleze habari ya muhogo, maana hakuna kiambaza katika Kibiti kisicho na muhogo nyuma yake. Muhogo nao ni mgeni. Asili yake ni Brazili, ukaletwa Afrika na Wareno. Ukapata maradhi mawili mabaya: batobato linalokunja majani, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha kiazi ardhini, mtu asijue mpaka siku ya kuchimba. Mtaalamu H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha Amani kule Usambara, ndiye aliyeeleza ugonjwa huo wa michirizi mwaka 1936. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikaendeshwa na Waingereza.

Storey na mwenzake Nichols walifanya jambo ambalo mkulima wa kawaida angelishangaa. Walichukua muhogo mzuri wakauchavusha kwa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu wa muhogo lakini mizizi yake hailiki. Watoto wa kwanza walikuwa wabaya wa kula. Wakawarudisha tena na tena kwa muhogo mtamu, mpaka utamu ukarudi na nguvu ya yule ndugu wa mwituni ikabaki. Kazi ile iliendelea mpaka mwaka 1957. Mmoja wa wazao wake uliandikwa karatasini kwa hesabu tu: 46106/27.

Nani angelikumbuka jina la hesabu? Wakulima hawakulikumbuka. Lakini waliionja mihogo, wakaona haiozi, wakakata vipande vya shina wakapeana, jirani kwa jirani na mama kwa binti. Kenya pwani wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo uitwao Namikonga. Miaka mingi baadaye wataalamu wakaipima Kaleso na Namikonga, wakaona ni mmea ule ule, nao ukawa wa thamani kubwa kwao, kwa sababu huvumilia ugonjwa wa michirizi kuliko mingi mingine. Kazi ya Amani ilikuwa imefungwa, wataalamu wameondoka, lakini wakulima wasioandikwa popote waliushika mmea mikononi mwao zaidi ya nusu karne. Waliozaa wazo ni Storey na Nichols. Waliolilea ni akina mama wa mashambani. Hakuna awezaye kusema mmoja alihitajika kuliko mwingine.

Basi, habari hizi zote zatuhusuje sisi wa Kibiti na delta? Zatuhusu kwa sababu zile mama za mimea, yaani zile za mwituni zenye nguvu za asili, ziko kwetu, na sisi twaziita pori. Twaliambia pori, "Hapana kitu hapo." Kuna mmea wenye majani mazito yang'aayo na kiazi chini chenye kushika maji, ambao siku hizi hupandwa katika vyungu vya maofisi ya Dar es Salaam, na watu huununua kwa bei wakidhani umetoka Ulaya. Ni mwenyeji wa misitu ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kutoka Kenya mpaka Natal. Nyumba ya Loddiges ya London ilikuwa nao tangu miaka ya 1820. Adolf Engler, Mjerumani, aliuthibitishia jina la Zamioculcas zamiifolia mwaka 1905. Na tangu mwaka 1996 wakulima wa Uholanzi wameuzidisha kwa wingi na kuuza duniani kote. Sisi twakata msitu kwa mkaa, tuuze gunia mjini, kisha kwa fedha ile tununue mmea wa msitu ule ule, umekaa katika chungu!

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, safari imekuwa nyepesi, nasi twashukuru, maana wagonjwa hufika hospitali na korosho zetu hufika sokoni. Lakini njia iliyo nyepesi kwa korosho ni nyepesi kwa magogo na mkaa pia. Katika sehemu za kaskazini ya delta, mikoko imefyekwa ipandwe mpunga. Hatuwezi kumwambia mtu mwenye njaa asilime. Twaweza kumwambia afanye hesabu yote, si nusu yake. Gunia la mkaa huliwa kwa juma moja. Msitu uliokatwa, mjukuu wako hatauona. Yaliyoupata mkrismasi huko Madagaska, ya kujaa ugenini na kupungua kwao, yaweza kuipata mimea yetu.

Yafaa basi tufanye mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha. La kwanza, tuandike. Mwaka 1937 P. J. Greenway wa Amani alichapisha kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea. Aliyapata wapi, kama si vinywani mwa wazee wetu? Lakini hakuna kamusi inayoweza kumaliza majina ya Kirufiji, Kindengereko na Kimatumbi. Kila shule na iwe na daftari moja. Watoto na wawaulize babu na bibi jina la mti, matumizi yake, na mahali unapoota. Wabane tawi lake katika gazeti kuukuu likauke, waandike tarehe na jina la mzee aliyewaeleza. Jina la mzee lisiachwe! Wataalamu wa nchi mbalimbali walimaliza mwaka 2012 kuandika mimea ya Afrika ya Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952, na aina walizoandika zapita 12,000. Walifanya kazi njema. Lakini habari ya matumizi na majina ya kila kijiji haikuwa kazi yao, ni yetu.

La pili, tupande vya kwetu. Mwenye uwanja na apande mkrismasi, hatukatazi, maana mgeni aliyekaa miaka mia hafukuzwi. Lakini kando yake na aweke mti mmoja wa msitu wa Kibiti, autunze, awape majirani mbegu. Mmea ulio katika nyumba kumi haupotei kwa moto mmoja.

La tatu, tuwaache mama za mimea penye kwao. Kijiji kitenge kipande cha msitu, hata kiwe kidogo, kisikatwe. Na wazee watie mipaka, na vijana wailinde.

Waliokuja kutoka mbali walisafiri baharini miezi mingi ili wayaone maua tunayoyakanyaga tukienda kisimani. Tusione haya kuinama tukayatazama. Na mtoto akileta shuleni tawi la mmea usiojulikana, mwalimu asimwambie, "Tupa jani hilo." Na amwambie, "Nani amekuambia jina lake? Haya, liandike, na jina lake yeye liandike pia."